Ilena wa Kwanza, Ilena wa Pili

Mafuta ya cherehani hayanuki sana yakiwa kwenye mashine. Yananuka yakiingia kwenye karatasi na kukaa humo miaka mingi. Hilo nililijua juzi, wiki mbili baada ya kumzika baba, nilipofungua sanduku lake la mabati kule Kanyangi nikitafuta kitambulisho chake. Kitambulisho sikukiona. Niliona vitabu saba vimefungwa pamoja kwa ukanda wa kitambaa cha yunifomu, rangi ya maruni. Nikafungua cha kwanza, ile harufu ikanipata, nikaketi sakafuni. Sikulia, maana nilikuwa nimeshalia. Nilikaa tu na kitabu mapajani mpaka chai niliyoandaliwa ikapoa.

Mimi niliishia darasa la nane. Ninapika chai na chapati kando ya barabara kuu pale Salama, na kitu kirefu nilichowahi kuandika ni barua. Lakini nyinyi wa rika langu mnakumbuka jinsi kitabu kilivyokuwa kitu adimu, jinsi mtu angeweza kusoma gazeti lililofunga sukari mpaka ajue habari zake kwa moyo. Kwetu tulikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo, na hadithi moja ndefu ya kwenda kwenye nyota.

Baba alikuwa fundi wa nguo. Alishona kwenye veranda ya duka la Abdi, ambaye ukoo wake ulitoka kaskazini, upande wa Garissa. Abdi aliuza sukari, mafuta ya taa na sabuni, na siku ya soko aliuza mbuzi pia. Mwalimu mmoja wa sekondari alipohamishwa aliacha katoni ya vitabu pale dukani, akasema anayetaka achukue. Wengine walichukua vya hesabu kwa ajili ya watoto wao. Vingine Abdi alivichana akafungia chumvi. Baba, aliyekuwa amefika kidato cha pili kabla karo haijamshinda, aliviona vitabu saba vinene vya Kiingereza vinavyofanana, vimeandikwa namba mgongoni, moja hadi saba, akamwambia Abdi, "Hivi usinichanie."

Namna yake ya kusoma ilifuata pasi. Pasi yetu ilikuwa ya makaa, na makaa huchukua muda kushika. Basi baba alipoiweka mlangoni ipigwe na upepo, alifuta mikono kwenye suruali, akakitoa kitabu chini ya cherehani na kusoma kimya, midomo ikicheza. Pasi ikipata moto alikifunga kitabu, na huku akinyoosha mikunjo ya sketi alitueleza kwa Kikamba kile alichosoma. Kurasa mbili, pengine tatu. Nguo ambazo hazikuhitaji pasi siku hizo zilipigwa pasi.

Hadithi yote sitaweza kuieleza, na hata baba haikumnyookea. Kulikuwa na chombo kikubwa, ukubwa wake baba alisema ni kama kutoka Kanyangi hadi Kabati, kinachosafiri kwenda kwenye nyota ya mbali sana. Waliopanda walijua hawatafika. Watoto wao nao hawangefika. Humo ndani walilima, walioana, walipigana vita juu ya nani atunze saa, na kwenye kitabu cha pili kulikuwa na watu wanaoishi ndani ya kuta waliosahau kabisa kwamba wako safarini. Kila kitabu kiliruka miaka mingi mbele. Watu walikuwa wengi mno, kwa hivyo baba alichukua karatasi ya kaki, ile ya kukatia patani, yaani vielelezo vya nguo, akachora kwa chaki ya fundi majina na mistari ya nani kamzaa nani, waliokufa kwa chaki ya bluu na walio hai kwa nyeupe. Akaitundika kwenye msumari karibu na tepu ya kupimia. Mteja mmoja aliiangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza hilo ni koti la nani lenye mikono mingi hivyo.

Mimi niliamini ni historia. Nilidhani Wazungu wameshaondoka baadhi yao na hawajatutangazia, na kwamba vitabu ni taarifa. Nilimuuliza baba kama kuna Wakamba ndani ya chombo.

"Lazima wako," alisema. "Safari ndefu haikosi Mkamba."

"Na Waislamu?" Abdi akauliza kutoka ndani.

"Hawajatajwa bado."

"Wako. Sasa huko juu wakiswali wanaelekea wapi? Uliza kitabu."

Baba alipekua kurasa kwa dhati kabisa. "Hakijasema."

"Basi aliyeandika hakumaliza kazi," Abdi akasema, akarudi kwenye mizani yake.

Ile sura ambayo maji yalipungua chomboni na kila familia ikapimiwa kikombe ilisomwa mara tatu, kwa sababu kila mara walipita wanawake na punda wao kutoka mtoni kuchimba maji mchangani, wakasimama, wakataka ianzwe upya. Mmoja alisema hao watu wangemuuliza yeye. Baba alikuwa mtu mkimya, lakini pasi ikiwa mkononi na watu wakisubiri, alikuwa mwingine. Uso wake uling'aa. Sijui namna nyingine ya kusema. Nimewaona watu wakifurahia harusi na mvua, lakini furaha ya mtu mzima akigundua kwamba jina dogo lililotajwa kwenye kitabu cha kwanza ndilo linaloendesha vita ya kitabu cha pili, hiyo niliiona kwa baba peke yake.

Mama wakati huo hakuwa mtu wa hadithi. Mwaka mmoja nyuma tulikuwa tumemzika Mutua, mdogo wangu, aliyeishi miezi mitano akashikwa na homa ya siku nne. Alizikwa nyuma ya nyumba, mwisho wa mbaazi. Alikuwa mvulana wa kwanza, na kwetu mvulana wa kwanza huchukua jina la baba ya babake, wa pili jina la baba ya mamake. Babu Mutua alikuwa amekufa zamani. Kwa miezi mitano alikuwa amerudi, na baba alimbeba yule mtoto akimwita "baba" bila utani wowote, jinsi alivyoniita mimi mwaitu, yaani mama, kwa sababu nilichukua jina la mamake, Mwikali.

Baada ya mazishi, shangazi Ndunge, dada mkubwa wa baba, alituketisha akatukataza kulitaja lile jina. "Mkimlilia mtamfungia njia," alisema. "Nyamazeni. Atazaliwa tena, na tutamwita Musyoka." Musyoka ni anayerudi. Wako wengi wenye jina hilo kwetu, na wengi wao walizaliwa nyuma ya mtoto aliyekufa.

Tukanyamaza. Mama alinyamaza kutushinda sote. Alikuja verandani kila asubuhi kushona vifungo na pindo, akakaa nyuma ya cherehani akiwa ametugeuzia mgongo, na niliamini kwamba amenikasirikia mimi kwa sababu nilibaki. Sikuwahi kumwambia hivyo. Ninaandika hapa kwa mara ya kwanza.

Mwisho wa kitabu cha kwanza, Kapteni Ilena, mwanamke aliyeongoza chombo, alitoka nje kukitengeneza, akafa huko. Abdi aliposikia aliacha kupima sukari, akasema maneno ya Kiarabu ambayo husemwa mtu akifa. Baba aliandika jina la Ilena upya kwa chaki ya bluu. Ndipo nilipoona sindano ya mama imesimama katikati ya kifungo.

Sasa kwenye kitabu cha tatu, ghafla, Ilena akaonekana. Msichana wa miaka kumi na mitano, anakimbia kwenye ngazi za chombo.

"Ngoja, fundi," Abdi akasema. "Ilena gani huyo? Si tulimzika?"

"Amepewa jina."

"Nani?"

"Huyu msichana. Ni mjukuu. Ama ni kitukuu, wacha nihesabu." Baba akaangalia karatasi yake ya kaki. "Kwani ni ajabu gani? Huyu hapa ni nani?" Akanielekezea makasi.

"Mwikali wako."

"Ni mama yangu. Alizikwa nikiwa kijana, na leo yuko hapa anatafuna muwa. Mwaitu, salimia Abdi."

"Shikamoo, nyanya," Abdi akaniwahi.

"Marahaba," nikajibu na muwa mdomoni, na watu wote wakacheka. Mama hakucheka, lakini aligeuza kiti. Tangu siku hiyo alikaa akitutazama.

Kuanzia hapo baba alikisoma kitabu chote kwa njia hiyo. Kulikuwa na chumba chini ya chombo ambako Ilena mpya alitokea, na baba alitueleza kwamba hiyo ni wodi ya wazazi. Daktari aliyesimama humo alikuwa mkunga. Kila alipofika kwenye habari za Ilena alipunguza mwendo, akamtupia mama jicho, na mimi niliona. Mama alikuwa mjamzito tena. Baba mwenyewe alikuwa amefumua gauni lake pembeni akaongeza vipande viwili vya kitambaa, akavishona vizuri hivi kwamba ungedhani gauni lilizaliwa hivyo.

Shangazi Ndunge alipita siku moja na ndengu kichwani, akasikiliza, akafurahi sana. "Mnaona? Hata Wazungu wanajua. Aliyeondoka hurudi. Mke wa ndugu yangu, umesikia?"

"Nimesikia," mama alisema, akakata uzi kwa meno.

Mimi nilikuwa darasa la saba na Kiingereza changu kilisifiwa. Wakati wa likizo nilichukua kitabu cha nne kabla baba hajakifikia, nikakisoma kwenye ghala juu ya magunia, na kamusi pembeni. Ilinichukua siku sita. Nilipofika katikati nilielewa kwamba baba amekosea tangu mwanzo. Ilena wa pili hakuwa mjukuu wa mtu. Kile chumba hakikuwa wodi. Kilikuwa na mtambo uliohifadhi sura ya mtu, kila mfupa na kila unywele, na akifa, mtambo ulitengeneza mwingine kama yeye.

Ningeweza kumwambia baba kando. Nilikuwa na nafasi asubuhi nzima. Lakini nilisubiri siku ya soko, veranda ijae. Sikufanya hivyo kwa ubaya, wala kwa wema. Nilitaka watu waone ninajua.

Baba alikuwa akinyoosha suruali ya mtu, akieleza jinsi Ilena mjukuu alivyorithi ujasiri wa nyanya yake. Shangazi alikuwepo, amekaa kwenye gunia. Nikasema, "Baba, si hivyo. Huyo si mjukuu. Hajapewa jina."

Pasi ikasimama hewani. "Ati?"

"Wametengeneza mwingine. Iko kwenye kitabu cha nne."

"Lete tuone," Abdi akasema. "Asituharibie bure."

Baba aliweka pasi kando. "Soma basi, mwaitu," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira.

Nikasimama nikasoma, sentensi kwa Kiingereza, kisha kwa Kikamba, kwa sauti ya kusomea mbele ya gwaride shuleni. Nilisoma pale msichana anapomuuliza daktari, Mimi ni yeye? Na daktari anajibu, Hapana. Yule alikufa. Wewe una uso wake, lakini wewe ni mwingine. Kisha nikasoma habari za ukuta. Chomboni kulikuwa na ukuta wa chuma uliochongwa majina ya wafu. Lakini mtambo ulipotengeneza mtu upya, jina la yule wa kwanza lilisuguliwa kwa tupa mpaka chuma kikawa laini, kwa sababu ilihesabiwa kwamba hakuna aliyekufa. Msichana akaenda kupapasa ukutani, akapata mahali palipo laini.

Mama akaiweka sketi chini. Akainuka taratibu, mkono mmoja kiunoni, akashuka ngazi za veranda, akaelekea nyumbani bila kutazama nyuma.

"Umefurahi sasa?" shangazi Ndunge akaniambia. "Kasuku wewe. Mtu alikuwa amepata pa kushika, ukamkata mkono."

"Mtoto," Abdi akasema kwa upole, jambo lililoniuma zaidi, "si kila kilichoandikwa kinasomwa."

Nikamgeukia baba. Alikuwa akiitazama karatasi yake ya kaki. Nikakimbia nikimfuata mama, kitabu kikiwa bado mkononi.

Hakuwa jikoni. Nilimkuta mwisho wa mbaazi, amepiga magoti na tumbo lake lile, aking'oa majani mahali ambapo kwa mwaka mzima hakuna aliyekuwa amekanyaga. Nilianza kusema nisamehe, sijui nilisema mara ngapi. Hakuonekana kunisikia.

"Yule msichana," alisema. "Alipopata pale palipo laini, alifanya nini?"

"Alichukua msumari akalichonga jina tena."

"Lipi?"

"La yule wa kwanza. Ilena."

"Na hakukatazwa?"

"Alikatazwa. Walimwambia anajichongea kifo chake mwenyewe. Akasema yule alikuwa mtu, na amekufa, na lazima kuwe na mahali panaposema hivyo."

"Soma hapo."

Nikasoma. Mara hii sikusoma kwa sauti ya gwaride. Akataka tena, nikasoma tena, na mara ya tatu alifuata maneno ya Kikamba pamoja nami, kama tunavyofuata zaburi kanisani. Kisha akafuta mikono yenye udongo kwenye leso, akaweka kiganja pale chini, akasema, "Mutua."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeita mtu aje kula. Halafu akalia, nami nikalia, na nilipomshika bega nilijua kwamba hajawahi kunikasirikia. Alichokuwa amebeba mwaka mzima ni hofu. Kila mtu alikuwa akimngojea mtoto arudi, na yeye aliogopa siku hiyo, kwa sababu akishazaliwa Musyoka, Mutua atakuwa hajawahi kufa, na kama hajafa, basi yale yote aliyoyaona usiku ule wa nne hayakumpata mtu yeyote.

Mtoto alizaliwa kabla ya mvua. Mvulana. Siku ya tatu wanawake walikuja, kama desturi, kumpa jina, wakakaa kwenye mikeka, na uji ukazunguka. Shangazi Ndunge alimpakata mtoto akamtazama usoni kwa mapenzi, na ninataka ijulikane kwamba mapenzi yale yalikuwa ya kweli.

"Umerudi," alimwambia. "Ulituchelewesha, Musyoka."

"Huyo ni Kimeu," mama alisema kutoka kitandani. Kimeu lilikuwa jina la babake.

Wanawake wakatazamana. Shangazi akacheka kidogo. "Umechoka wewe. Kimeu ni wa kwenu. Hilo ni la mvulana wa pili."

"Huyo ni wa pili."

"Wa kwanza yuko wapi?"

"Yuko mwisho wa mbaazi. Anaitwa Mutua."

Shangazi aligeukia mlango, alikosimama baba na kofia mkononi. Hata mimi mtoto nilielewa anachoulizwa. Kama huyu ni wa pili, basi jina la babake, Mutua, lilikuwa limezikwa na mtoto wa miezi mitano, na katika nyumba yake hapangekuwa na mtu hai wa kuliitikia. Baba aliigeuzageuza ile kofia.

"Kimeu," alisema mwishowe. "Mpeni mamake anyonyeshe."

Aliporudi kazini, Abdi alimuuliza kwa utani kama bado anavitaka vile vitabu vilivyomdanganya. Baba alishtuka. "Vimenidanganya? Mimi ndiye niliyesoma kama Mkamba. Vyenyewe havikusema uongo." Akaishusha ile karatasi, akakung'uta chaki yote, akaanza upya kutoka kitabu cha kwanza, ukurasa wa kwanza, na furaha yake ilikuwa mara mbili, maana sasa alikuwa na hadithi mbili kwa vitabu vilevile, ile iliyoandikwa na ile aliyoishona mwenyewe. Alikuwa akisimama katikati ya kunyoosha nguo na kusema, "Abdi! Hata hapa walituambia! Hatukuona!" Alivisoma hadi mwisho, na akarudia kila baada ya miaka kadhaa, na kila nilipotoka Salama kwenda kumsalimu aliniuliza mambo ya Ilena ambayo nilikuwa nimeyasahau.

Siku ya mazishi yake, mimi ndiye niliyeandika karatasi ya maisha ya marehemu. Kwenye sehemu ya watoto niliandika watatu, na nikampa Kimeu aipitie. Aliisoma, akaniambia iko sawa, ipelekwe ikachapishwe. Mchungaji alikuwa mgeni, ametoka mbali, hakutujua. Alisimama chini ya hema, akasema kila mtoto akisikia jina lake asimame watu wamwone.

"Mwikali," akasoma, nikasimama.

"Mutua."

Watu wakageuza shingo wakitafuta. Mchungaji akatazama karatasi yake, akatutazama, akarudia kwa sauti zaidi, "Mutua yuko?"

Mama ana miguu mibaya siku hizi. Tulikuwa tumemwambia asisimame hata wakati wa sala. Alishika mkongojo wake kwa mikono miwili, akajivuta kutoka kwenye kiti mpaka akanyooka.

"Yuko," alisema, akabaki amesimama hivyo mpaka mchungaji aliposoma jina la Kimeu, na Kimeu akainuka kando yake akamshika mkono.